Nyumba kuwa na jina la mumeo haimaanishi huna chako

Dada pole sana. Hilo analokwambia mumeo sa hivi mnapotaka kuachana, eti nyumba ya Mbagala ni yake peke yake kisa hati ina jina lake na we ulikuwa mama wa nyumbani tu, si kweli. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango, sa hakimu ataangalia nani alichangia nini, sio lazima iwe nusu kwa nusu ila huwezi kutoka mikono mitupu kirahisi hivyo. We kusanya ushahidi mapema, risiti za bati na simenti, meseji za M-Pesa ulizomtumia fundi, na majirani waliokuona unasimamia ujenzi, afu usisaini karatasi yoyote anayokuletea usiku usiku.

Kabla ya mahakama mnapita baraza la usuluhishi kwanza, la kata au la Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu) kama ndoa ni ya Kiislamu, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati ya kuonyesha hivyo ndo unafungua kesi ya talaka.

Watoto: huyo wa miaka 4 sheria inaegemea kwa mama maana hajafika 7, wa miaka 9 anaweza hata kuulizwa anataka akae wapi. Matumizi ya watoto omba yaandikwe kwenye amri ya mahakama, ada alipe moja kwa moja shuleni, hela ya chakula itumwe kwa simu ibaki rekodi. Na tafadhali usimzuie kuwaona wanae kisa hajatuma hela, akichelewesha nenda Ustawi wa Jamii pale manispaa.