Kwa nini gari jipya linacheleweshwa wakati wanunuzi wenyewe ni wachache? Nilivyoliona kutoka garaji la Lubumbashi

Ndugu uliyeuliza juzi, salamu kutoka mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi. Umesema ulilipa arbuni ya pikapu ya muundo mpya tangu mwaka jana, wakala amekusogezea tarehe mara mbili, na sasa anakwambia kiwanda kimeahirisha kwa sababu uchumi wa dunia umeyumba. Nawe unashangaa: kama uchumi umeyumba na watu hawanunui, si kiwanda kina nafasi tele ya kunitengenezea langu haraka? Wengi wamekujibu kwamba unadanganywa. Wakala wako simjui, siwezi kumtetea. Lakini jambo lenyewe lipo, na mimi limenipitia, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Mwaka 2008 nilikuwa fundi katika garaji la kampuni moja ya kazi za mgodini, upande wa barabara ya Likasi. Mwezi wa saba tani ya shaba ilikuwa inakaribia dola 8,900. Waliokuwa hapa mjini wanakumbuka: malori usiku kucha kuelekea mpakani Kasumbalesa, nyumba ya kupanga huipati. Kampuni ikaagiza pikapu kumi na mbili mpya kwa mpigo. Tarehe 15 mwezi wa tisa benki ya Lehman Brothers ikafilisika kule New York. Kufika Desemba tani ile ile ya shaba ilikuwa chini ya dola 3,000. Matanuru ya kuyeyushia yakazimwa moja baada ya jingine, na wenye nayo wengine waliondoka bila kuwalipa watu mshahara wa mwisho. Oda yetu ya pikapu ikafutwa kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Mpya ya kwanza tuliiona 2011. Miaka hiyo yote katikati tuliishi kwa kuchomelea chesisi na kuvua piesi, yaani vipuri, kwenye gari lililokufa ili lililo hai lipate kutembea.

Mimi nilidhani tatizo ni letu sisi wa Katanga. Aliyenifumbua macho ni shefu wetu wa garaji, mzee aliyeanza kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, enzi za Zaire. Siku moja aliniita kwenye mlango wa pikapu, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkunjo unaokwenda kutoka taa ya mbele hadi nyuma. Akaniuliza: huu mkunjo unafikiri umepigwa na nyundo? Akanieleza kwamba kwa kila bati la gari kuna kalibu za chuma zenye uzito wa tani kadhaa, na bati linakandamizwa katikati yake. Kalibu hizo zinachongwa kwa gari moja tu. Ukibadilisha mkunjo ule kwa upana wa kidole, kalibu ya zamani haifai tena. Na zote zinalipiwa kabla gari la kwanza halijauzwa.

Jibu la swali lako limo humo. Gari jipya linachukua kama miaka minne au mitano kutoka mchoro hadi dukani, na gharama yake mara nyingi inapita dola bilioni moja. Muda wote huo ni kutoa, hakuna kuingiza. Gari la zamani kalibu zake zimeshajilipa, kwa hiyo kila moja linalotoka linagharimu bati, piesi na jasho la wafanyakazi. Uchumi ukianguka, kiwanda kweli kina muda na mikono iliyokaa bure. Kinachokosekana ni pesa taslimu. Na mwenye kukosa pesa hukata kwanza kile ambacho hajakilipia. Nyumba ngapi hapa Lubumbashi zimesimama kwenye linta tangu 2008? Ni hesabu ile ile.

Tazama ilivyokuwa kwa wakubwa. Marekani watu walinunua magari mapya kama milioni 16 mwaka 2007, na 2009 ikashuka hadi kama milioni 10 na nusu. Toyota, ambayo tulikuwa tunaiona haishindwi, ilipata hasara ya uendeshaji katika mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2009, ya kwanza katika miaka kama 70. Ilikuwa inajenga kiwanda Mississippi cha kutengenezea Prius. Desemba 2008 ikasimamisha mradi, majengo yakiwa yamekwisha kusimama lakini ndani hakuna mashine. Kiwanda kilianza kazi mwishoni mwa 2011, na kilichotoka humo ni Corolla. Mwezi ule ule wa Desemba Honda ikafuta gari la mbio lililokusudiwa kurithi NSX yake ya zamani, na ikajiondoa kwenye mashindano ya Formula 1. NSX mpya ilikuja kuuzwa 2016. General Motors na Chrysler ziliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2009.

Ford ilivuka bila kufikishwa mahakamani. Mwishoni mwa 2006, pesa zikiwa bado zinapatikana, ilikopa zaidi ya dola bilioni 23, ikaweka rehani karibu kila ilicho nacho, hata ile nembo yake ya buluu. Shida ilipofika ilikuwa na akiba ya kuendelea na miundo yake mipya. Na bado mkuu wake, Alan Mulally, alikwenda bungeni Washington kuwaombea msaada washindani wake. Jambo hili lilinishangaza mpaka nilipoelewa sababu. Gari moja lina piesi kama 30,000 ukihesabu hadi skrubu, na wanaozitengeneza ni makampuni mengine mengi yanayouzia viwanda vyote. General Motors ikianguka, mtengeneza bomba la breki naye anaanguka, na Ford inakosa bomba. Kwa hiyo hata kiwanda chenye pesa kinaweza kucheleweshwa na mtu mdogo ambaye jina lake hulijui.

Mwaka 2020 jambo hili lilirudi kwa sura nyingine. Corona ilipofunga dunia, viwanda vya magari vilifuta oda za chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki, vikidhani watu hawatanunua. Watengenezaji wa chipu wakazipa kompyuta na simu nafasi ile. Wanunuzi wakarudi mapema kuliko ilivyodhaniwa, na chipu hakuna. Land Cruiser 300 ilitoka katikati ya 2021, na Januari 2022 Toyota ilikuwa inawaambia wateja wa Japani kwenyewe kwamba wanaweza kusubiri hadi miaka minne. Wauzaji walikuwa wanawataka wanunuzi watie saini kwamba hawataliuza gari ndani ya mwaka mmoja, lisije likakimbizwa nje ya nchi. Kama Mjapani anasubiri miaka minne, wewe wa Kampemba hapa Lubumbashi umo wapi kwenye foleni hiyo?

Sasa niseme kinachotugusa sisi zaidi, maana wengi wetu hatununui jipya. Gari ambalo halikuuzwa jipya mwaka ule haliwezi kuja kuuzwa la mtumba miaka mitano baadaye. Kati ya 2014 na 2016 niliwasaidia watu kadhaa kuagiza kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, na kila tulipotafuta la 2009 yalikuwa machache na bei imekaza, wakati ya 2007 yalikuwa tele. Watu wa kule nao walikuwa wamezing'ang'ania gari zao. Shimo la uchumi linatufikia hapa limechelewa, lakini linafika.

Na kuna mtego mwingine. Mteja wangu mmoja alinunua pikapu iliyopitia Dubai, karatasi zinasema ya 2010. Nililala chini yake nikaangaza tochi kwenye tairi la akiba, lile linaloning'inia kwa mnyororo chini ya karoseri. Lilikuwa bado na vinyweleo vya mpira wa kiwandani, halijawahi kugusa barabara. Nikasoma ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 3208. Maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2008. Nikavuta mkanda wa kiti hadi mwisho, kwenye kile kitambaa cha chini: 2008. Gari lilitoka kiwandani mgogoro ukiwa mlangoni, likakaa uwanjani juani bila mnunuzi zaidi ya mwaka, ndipo likaandikishwa. Mipira ya kuzibia mafuta ilikuwa imekauka, mafuta ya breki yamekuwa meusi. Yule baba alilipia umri ambao gari halikuwa nao, na kwa mtu aliyeweka akiba ya miaka sita ile tofauti si ndogo. Iliniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Muulize wakala swali moja tu, kwa maandishi: uzalishaji wa muundo huu umeanza kiwandani, ndiyo au hapana? Kama umeanza na kinachochelewa ni meli au chipu, subiri, ila arbuni iwe na tarehe ya kurudishwa. Kama haujaanza, dai pesa yako leo, kwa sababu kalibu zisizokwisha hazina tarehe. Chukua muundo unaoendelea sasa. Makosa yake yameshajulikana na kurekebishwa, na piesi zake zinapatikana mjini hapa bila kupanda basi kwenda Ndola, Zambia. Usikubali akupe "jipya lililobaki uwanjani" kabla hujalala chini yake na tochi. Ukishasoma zile tarakimu nne ziandike hapa, nami nitakwambia mipira gani ubadilishe kabla hujaliwasha.