Saa ya Mkononi Ilijua Kabla Yangu

Kuna dada kanitumia meseji wiki iliyopita, eti "dada ile saa ya kupima stress inafanya kazi kweli au urembo tu?" Nikacheka, maana mwaka juzi swali hilohilo nilimuuliza muuza duka mmoja pale Kariakoo. Nikaondoka na saa ya Garmin ya mtumba, laki mbili na nusu, nilibembeleza hadi akachoka.

Usidhani inasoma mawazo. Vile vitaa vya kijani vya chini vinamulika damu kwenye ngozi, saa inapima nafasi kati ya pigo na pigo. Mwili ukitulia zile nafasi zinapishanapishana kidogo, ukiwa umejikaza mapigo yananyooka kama watu wa mchakamchaka. Ndo inakupa namba, 0 mpaka 100, ukivuka 75 hali tete. Ila sababu haiijui! Kwenye send-off ya mdogo wangu nimekaa zangu kwenye kiti nalia kwa furaha, saa inasema 88. Na usiku wa bia mbili inachora rangi ya chungwa, ile ya stress, mpaka alfajiri, we unajiona umelala.

Sasa yangu kila Jumapili jioni inapanda 80 na kitu. Nikajua mbovu, nikairudisha dukani, jamaa akaivaa ikasoma 31. Nikanyamaza. Kumbe ndo muda ambao bosi alikuwa anatupia tageti kwenye grupu la WhatsApp na mimi kuanzia saa kumi na moja nimeshika simu nasubiri kusemwa. Nilipomwambia kistaarabu kwamba Jumapili sitajibu akanicheka mbele ya wenzangu, "na saa yako imekuruhusu?" Inaniuma hadi leo, sidanganyi. Yaliyofuata ni marefu, niliacha kazi.

Binamu yangu alipokuja toka Toronto akanivalisha Muse, mkanda wa kwenye paji la uso unaosoma umeme wa ubongo, kampuni yake iko hukohuko kwao. Akili ikihangaika unasikia dhoruba masikioni, ukitulia ndege wanalia. Mimi nikawa nawatafuta hao ndege kwa nguvu zote, dhoruba ndo ikazidi! Na ukiuma meno inavurugika. Kilichonisaidia ni pumzi sita kwa dakika, sekunde tano ndani tano nje, bure kabisa, nafanya nikiwa kwenye mwendokasi.

Kwa hiyo nyie wapambanaji mnaojisifu kulala masaa manne mnamdanganya nani? Mwili unawaona jamani. Na wewe dada kabla hujatoa hela chukua daftari, wiki mbili uandike kifua kimebana saa ngapi na nani alikuwa kapiga simu. Pumua. Halafu pumua tena. Kikiuma kweli nenda hospitali, saa sio daktari.

Mimi Jumapili hii nilikuwa 24, bluu tupu, nakula zangu embe. Saa moja usiku namba ya yule bosi ikaita. Sikupokea. 67.