Mtoto haji uwanjani, analetwa

Naona vijana wengi siku hizi wanaajiriwa kwenye klabu zetu, huyu afisa masoko, huyu afisa habari, yule wa mitandao, na kwa kuwa AFCON ya 2027, yale mashindano ya mataifa ya Afrika, inakuja hapa kwetu Tanzania pamoja na Kenya na Uganda nadhani watazidi kuongezeka. Mi nilikaa misimu sita kwenye klabu moja ya mkoani, Ligi Kuu, jina silitaji maana nitasema na madudu yetu, kazi yangu ilikuwa mashabiki na hamasa. Kila anayeanza hii kazi anaambiwa kitu kimoja: tuletee vijana, tuletee familia. Hakuna anayekwambia unawaletaje, ndo maana naandika.

Kwanza elewa unapoingia. Timu ya mkoani uwanja unajaa siku mbili kwa msimu, siku Simba anakuja na siku Yanga anakuja, na hata siku hizo waliojaa wengi sio wako. Unakuta mtoto kazaliwa hapohapo mjini, nyumbani kwao na uwanja ni dakika kumi kwa mguu, amevaa jezi nyekundu ya Simba au ya kijani ya Yanga, na ukimuuliza golikipa wenu anaitwa nani anakutolea macho tu. Sasa mi nilivyoanza bosi akaniambia suluhisho ni TikTok. Nikafanya TikTok, wachezaji wakacheza cheza pale, views zikaja nyingi mpaka tukapongezana ofisini, Jumamosi nikaenda uwanjani jukwaa la mashariki nikahesabu watu kwa kidole. Waliotazama video wengi walikuwa Dar na kwingine huko, na hao watoto wa mjini kwetu hawana simu, simu ni ya mama, na mama hakuwa na habari na sisi.

Hapo ndo nikajifunza jambo ambalo mengine yote yanatoka humo: mtoto wa miaka nane haji uwanjani, analetwa. Na anayemleta, au anayetoa ruhusa aletwe, mara nyingi ni mama yake. Nikaacha simu nikaenda kukaa na akina mama wanaosubiri watoto nje ya shule, wengine sokoni, nikawauliza tu kwa nini hamji mpirani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kocha ni nani au mnacheza na nani. Waliuliza mechi inaisha saa ngapi, choo kipo, yale matusi ya uwanjani vipi, na wakati wa kutoka si watu wanakanyagana? Mama mmoja akaniambia mwanangu mimi mpira naupenda sana, ila nilikwenda mara moja nikiwa na binti yangu akabanwa na mkojo, tukaondoka dakika ya 30 na sijarudi tena. Dakika ya 30! Klabu ilimpoteza mama na binti, na yumkini wajukuu, kwa sababu ya choo.

Kwa hiyo ukifika kazini, kabla hujafungua kompyuta, nenda kaingie choo cha wanawake cha uwanja wenu siku ya mechi, mtume dada mnayefanya naye kazi kama we ni mwanaume. Angalia kama kuna maji, kama mlango unafungwa, kama kuna taa. Viwanja vingi vya mikoani sio vya klabu, ni vya chama tawala au vya halmashauri, kwa hiyo utaambiwa hiyo siyo kazi yetu. Ni kazi yenu. Sisi tulinunua mapipa mawili ya maji, ndoo na sabuni, tukamlipa mama mmoja akae pale mlangoni kuanzia saa nane mpaka watu waishe, na hiyo ilikuwa gharama ndogo kuliko bango moja la barabarani.

Saa ya mechi huna mamlaka nayo sana, ratiba ni ya bodi ya ligi na televisheni ina sauti yake, lakini ya saa kumi jioni na ya saa moja usiku ni mechi mbili tofauti kabisa kwa mtu mwenye watoto, hasa siku ya shule. Usipoteze nguvu kuita familia mechi ya usiku katikati ya wiki. Chagua mechi nne au tano za Jumamosi au Jumapili jioni, hizo ndo za familia, tangaza mapema, nyingine waachie vijana na matawi ya mashabiki.

Sasa nisimulie madudu. Msimu wa pili tukatangaza siku ya familia, watoto wote bure. Tukaweka mdundiko, tukaweka ile nyumba ya kurukia ya kujaza upepo, MC, kila kitu, na mi nikajiona nimemaliza. Wakaja watoto kama mia tatu hivi, peke yao! Hakuna mzazi. Tulisema watoto bure, hatukusema waje na nani, kwa hiyo mtaa mzima ukaachia watoto wakaja wakakuta geti moja dogo, la pili lilikuwa limefungwa na mwenye ufunguo haonekani, wakasukumana mpaka polisi wakawa wanawabeba juu juu kuwapitisha. Hakuumia mtu, Mungu tu. Kuna katoto ka miaka kama mitano kalipotea, kanajua jina la mama yake ni "Mama" basi, tulikaa nako mpaka saa mbili usiku ndo ndugu zake wakaja wanalia. Na ile nyumba ya kurukia tuliiweka nyuma ya jukwaa, kwa hiyo watoto waliofanikiwa kuingia hawakuona mpira kabisa, hata goli letu walisikia kelele tu. Mechi iliyofuata hakurudi mtu.

Baada ya hapo kanuni yetu ikawa mkubwa mmoja na watoto wawili, mkubwa analipa, watoto bure, na hawaingii bila mkubwa. Pale getini kuna dada wawili wenye maka peni na utepe, kila mtoto anafungwa utepe mkononi wenye namba ya simu ya aliyemleta. Kitu cha shilingi mia. Wazazi waliupenda ule utepe kuliko zawadi zote tulizowahi kutoa, maana unamwambia mama kwamba hawa watu wamewaza anachokiwaza yeye. Na geti la familia liwe lake, lisichanganywe na la vijana wa vuvuzela, na ufunguo ukae kwako mfukoni, narudia, kwako.

Halafu wapi wakae. Mpira wa saa kumi jua liko magharibi, aliyekaa mashariki anapigwa na jua la uso mpaka dakika ya 70. Jukwaa la paa kawaida liko magharibi na kawaida ni la VIP, lina viti vimejaa vumbi vinasubiri viongozi ambao hawaji. Mi niliomba kona moja tu ya lile jukwaa, ilichukua vikao vitatu na maneno mengi, kuna mjumbe aliniuliza mheshimiwa akija na ujumbe wake wakae wapi. Tukapewa safu nne. Tukaweka watu wawili wa hamasa wenye heshima zao, wazee kidogo, kazi yao anayetukana wanamfuata wanamwambia taratibu mzee hapa kuna watoto. Bila askari, na mtu mzima akiambiwa hivyo mbele ya watoto ananywea mwenyewe.

Wakikwambia wanawake na watoto hawajazi uwanja wape mfano wa Fenerbahçe ya Uturuki. Septemba 2011 walikuwa na adhabu ya kucheza bila mashabiki, chama cha soka cha kule kikasema badala ya viti vitupu waingie wanawake na watoto chini ya miaka 12, bure. Wakaja zaidi ya 41,000, mechi dhidi ya Manisaspor, sare ya 1-1. Na hapa kwetu usiende mbali, angalia Simba Day tangu ilipoanza 2009 au Wiki ya Mwananchi ya Yanga tangu 2019, angalia akina mama waliobeba watoto mgongoni mle ndani ya Uwanja wa Mkapa. Wale wanakuja kwa sababu ni sherehe, inatangazwa mapema, wanajua watakuwa wengi.

Kilichotufanyia kazi kuliko vyote, na nikirudi leo naanza nacho, ni shule. Ila sio ile ya kupeleka wachezaji shuleni wapige picha wagawe madaftari waondoke, hiyo tulifanya na mchezaji mmoja akachelewa kwa saa mbili nzima, watoto juani, mwalimu mkuu hakutusamehe mwaka mzima. Tulichofanya baadaye, kila mechi ya familia tunachukua shule mbili za msingi, watoto kumi na wawili kila shule, wanacheza uwanja mkubwa wakati wa mapumziko. Magoli madogo, dakika nane tu kwa sababu mapumziko ni 15 na unahitaji muda wa kuingia na kutoka. Sasa piga hesabu, mtoto akiambiwa Jumamosi atacheza uwanja wa Ligi Kuu, nani nyumbani atabaki? Mama anakuja, baba anakuja, bibi, shangazi, jirani, mwalimu wa michezo na darasa zima. Na wote hao wamekuja kumtazama wa kwao, timu yetu wanaikuta palepale.

Angalizo, hiyo lazima uipeleke kwenye kikao cha maandalizi ya mechi, kamisaa, yule msimamizi wa mechi, ajue, mwamuzi ajue, timu pinzani ijue maana wachezaji wa akiba wanapasha pale. Mi nilishawahi kusahau, watoto wamevaa tayari wako mlangoni kamisaa akakataa, na alikuwa sahihi. Jaribu wewe kwenda kuwaeleza watoto 24 na bibi zao.

Hivyohivyo waokota mipira na wale watoto wanaoingia wameshikana mikono na wachezaji. Kwetu mwanzoni walikuwa watoto wa viongozi, walewale kila mechi, mmoja akaota ndevu hapohapo. Nafasi hizo wape shule, kwa zamu, orodha ibandikwe shuleni.

Kuhusu Simba na Yanga, usishindane nao. Kuna mwenzangu alitaka tupige marufuku jezi zao kwenye jukwaa la familia, nikamwambia baba mwenyewe Yanga unamfukuza halafu mtoto anakuja na nani? Kubali kuwa timu ya pili ya mtu. Ukikubali hilo ndo unaanza kuona njia, maana kuna kitu wao hawawezi kumpa mtoto wa Mbeya au Tanga, nacho ni kwamba golikipa anakaa mtaa wa pili na anamjua kwa jina. Mbeya City msimu wa 2013/14, wageni kabisa Ligi Kuu, wakamaliza wa tatu na mji mzima ukawafuata kwa mabasi, watu waliokuwa Simba na Yanga miaka yote wakajikuta wana timu ya nyumbani. Coastal Union nao, Wagosi wa Kaya, bingwa wa 1988, Tanga kuna wazee mpaka leo wanakutajia kikosi kile. Kama klabu yako ina wazee wa namna hiyo wachukue, waweke na watoto, babu akianza kusimulia goli lake alivyolifunga, na kila mwaka umbali unaongezeka, watoto hawabanduki.

Wasichana pia, msiwasahau kwa kudhani mpira wa wanawake ni hisani. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, mwaka huohuo Simba Queens, timu ya wanawake ya Simba, wakawa wa nne Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika. Tulipoanza kuweka mechi ya wasichana kama utangulizi tukaona akina baba wanakuja na mabinti, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Mitandao nimeiweka mwishoni makusudi. Inasaidia, ila lenga simu ya mama. Picha ya mtoto wake akiwa na beki wenu akiiweka status WhatsApp inaonwa na shemeji, na kikundi cha wazazi wa darasa, na watu wa kanisani au madrasa. Lakini ruhusa kwanza, ya maandishi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hata isingekuwepo mtoto wa watu ni wa watu. Usiandike jina kamili na shule anayosoma chini ya picha. Na mfanyakazi wa klabu asibaki peke yake na mtoto, popote, hata kama ni mtu mwema kiasi gani, wawe wawili.

Jumatatu baada ya mechi mi nilikuwa napita zile shule mbili na daftari, namuuliza mwalimu wangapi walikuja na wangapi hawakuja na kwa nini. Shule moja ya pembeni kidogo ya mji walikuwa hawaji, nikadhani hawatupendi, kumbe ni nauli, mama na watoto wawili kwenda na kurudi tayari ni hela ya mboga ya siku mbili. Tukaongea na mwenye daladala moja, tukamjazia mafuta, yeye akakubali kupeleka na kurudisha kwa nauli ya mwanafunzi kwa kila mtu. Jumamosi ya kwanza ilijaa ikabidi irudi kuchukua wengine, wamening'iniza skafu zetu madirishani, na dereva mwenyewe ni Yanga wa kufa.