Maswali Yenu: Presha Inajichora Drafti Kwenye Elbo

SWALI: Habari za kazi mtaalamu, mi naandika programu ya kukokotoa maji yanavyopita kwenye elbo ya digrii 90, gridi (mtandao wa vyumba vidogo, yaani seli) nimeikunja ifuate bomba, kasi na presha zote nimeziweka katikati ya seli. Kasi inatoka fresh ila presha ni juu chini juu chini kama ubao wa drafti, taimu stepu (hatua ya muda kati ya hesabu na hesabu) nimeipunguza mpaka nimechoka. Kuna jamaa kaniambia kasi ya x na ya y nizihamishie kwenye kuta za seli, nifanye hivyo?

JIBU: Ndugu yangu, taimu stepu iache, haina kosa. Maji hayabanwi, kwa hiyo presha kazi yake ni moja tu, kuhakikisha yanayoingia kwenye seli ndiyo yanayotoka. Sasa wewe ukitafuta mteremko wa presha kwenye seli ya 5 unachukua ya 6 unatoa ya 4, ya 5 yenyewe haiulizwi. Presha ikiwa 10, 2, 10, 2, programu yako inaona tambarare kabisa na kasi haishtuki.

Jamaa yako ana hoja, watafiti Harlow na Welch walifanya hivyo 1965 pale maabara ya Los Alamos, Marekani, na kwa gridi iliyonyooka mi naipenda sana hiyo njia. Ila kwenye elbo itakuumiza. Mwanzo wa bomba kasi ya x inapenya ukuta wa seli vizuri, bomba likishapinda digrii 90 ukuta uleule umegeuka nalo, ile x sasa inateleza sambamba na ukuta, haivushi hata tone, wakati seli inataka kujua yamepita maji kiasi gani.

Baki na mpangilio wako, ila kasi ya ukutani usiichukue wastani mtupu, weka sahihisho la watafiti Rhie na Chow la 1983. Pima mteremko wa presha hapohapo ukutani kwa seli mbili zinazopakana, punguza humo wastani wa miteremko ya katikati ya seli hizo, kinachobaki zidisha na kigezo kinachotoka kwenye mlinganyo wako wa kasi halafu punguza kwenye ule wastani wa kasi. Hapo drafti haina pa kujificha.

Na kabla ya yote, tafadhali, toa kuta za bomba, pitisha maji ya kasi moja mwelekeo mmoja kwenye gridi hiyohiyo. Kasi ikibadilika popote, hesabu zako za eneo na mwelekeo wa kuta za seli haziko sawa, zikokotoe upya kutoka kwenye pembe za seli mpaka jumla yake kila seli iwe sifuri.