Negroni Nyumbani: Uchungu Unaotakiwa na Uchungu wa Makosa

SWALI: Mhariri wa safu ya vinywaji, salaam. Mwaka jana nilikwenda Italia kikazi, na wenyeji wangu wakanikaribisha kokteli iitwayo Negroni kabla ya chakula cha jioni. Niliporudi nilinunua jini (gin), Campari, ile pombe nyekundu na chungu ya Kiitaliano, na vermuti nyekundu, nikachanganya kwa vipimo sawa kama nilivyoelekezwa. Mara ya kwanza ilikuwa chungu kupindukia. Nilipopunguza Campari, ikawa kama sharubati iliyopooza. Chupa ya vermuti niliifungua miezi minne iliyopita na ipo kabatini. Nimekosea wapi? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu yangu, vipimo vyako ni sahihi, na ninakuomba uvirudie vilevile: mililita 30 za jini, 30 za Campari na 30 za vermuti nyekundu. Inasimuliwa kwamba kinywaji hiki kilianza mjini Florence mwaka 1919, katika mkahawa wa Casoni, pale Count Camillo Negroni alipomwomba mhudumu wa baa, Fosco Scarselli, aikoleze Americano yake, yaani kokteli ya Campari, vermuti na maji ya soda, kwa kutia jini mahali pa maji hayo. Tangu hapo mizani ya kinywaji imesimama juu ya usawa wa vitu hivyo vitatu, na ukipunguza kimoja kwa sababu hukipendi, viwili vilivyobaki havina wa kuvisawazisha. Kosa lako, kwa maelezo uliyonipa, limo kwenye chupa ya vermuti, na nadhani pia kwenye barafu.

Tuanze na vermuti. Watu wengi huiweka kabatini pamoja na jini wakidhani ni pombe kali ya kukaa miaka, kumbe ni mvinyo, uliotiwa pombe kali kidogo, sukari na mitishamba, ukiwemo mmea wa pakanga ambao Wajerumani huuita Wermut, na jina la kinywaji limetoka huko. Ukishafungua chupa, hewa huanza kuula mvinyo huo siku hiyo hiyo, na joto la Dar es Salaam huiharakisha kazi hiyo. Nakushauri ununue chupa mpya, umimine kijiko kimoja cha ile ya zamani katika kikombe na kijiko cha mpya katika kikombe kingine, kisha unuse. Ile mpya itakupa harufu ya viungo na matunda makavu. Ya zamani itakuwa imefifia, nyuma yake kukiwa na uchachu unaoelekea siki. Katika Negroni, vermuti ndiyo inayoubembeleza uchungu wa Campari, kwa hiyo vermuti ikifa, Campari hubaki peke yake na jini, na hapo ndipo ulipopata kinywaji kilichokuudhi. Kuanzia sasa chupa ikae ndani ya friji, imefungwa vizuri, na uimalize ndani ya mwezi mmoja hivi.

Kuhusu barafu, ni lazima nikiri kwamba hili ndilo jambo ninalolipigania kuliko yote. Unapokoroga, barafu hupoza na wakati huohuo huyeyuka, na maji yale yanayotoka ni sehemu halali ya kinywaji, kwa kuwa ndiyo yanayotuliza ukali wa pombe na kuziachia harufu nafasi ya kutoka. Vipande vidogo vilivyoanza kulowana huyeyuka mno kabla kinywaji hakijapoa, na barafu iliyolala wazi kwenye friza karibu na samaki hubeba harufu ya samaki hadi ndani ya bilauri. Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, gandisha maji ndani yake usiku kucha, kisha asubuhi ulivunje pande hilo katika vipande vikubwa vinavyoingia kwenye bilauri nene na fupi.

Jaza bilauri barafu hiyo, mimina vitu vyako vitatu, kisha koroga taratibu kwa kijiko kirefu kwa muda wa nusu dakika, mpaka uone ukuta wa nje wa bilauri umetoa jasho. Usitikise kwenye chombo kilichofungwa, kwa sababu hewa itaingia na wekundu ule mzuri utakuwa na ukungu. Kama huna kipimo cha baa, kijiko kikubwa cha kupimia cha jikoni ni mililita 15, hivyo vijiko viwili vilivyosawazishwa vya kila kimoja vinatosha. Mwisho, kata ganda la chungwa pana kama vidole viwili, bila nyama ya tunda, ulikunje juu ya bilauri huku upande wa nje ukitazama kinywaji. Ukiangalia kwa makini utaona vitone vya mafuta vikitua na kung'aa juu ya wekundu. Machungwa yetu ya Muheza, hata yakiwa na ganda la kijani, yana mafuta hayo tele.

Uchungu wenyewe hautaondoka, wala usitamani uondoke. Sisi tumezoea uchungu wa shubiri na mwarobaini, ambao huumezwa haraka kwa kuwa ni dawa. Huu wa Campari huja pamoja na sukari na harufu ya chungwa, na Waitaliano huunywa polepole kabla ya mlo ili kuamsha hamu ya chakula.

SWALI: Je, naweza kutumia Konyagi badala ya jini? Na mtu mmoja anywe ngapi? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Unaweza, ila utapata kinywaji kingine. Konyagi ina kileo cha asilimia 35, nayo kwa ulimi wangu haina ule mkazo wa mreteni, mti ambao tunda lake huipa jini harufu yake, unaoiwezesha jini kavu kusimama mbele ya Campari. Ongeza Konyagi iwe mililita 45, na hivyo viwili vingine uvishushe hadi 25 kila kimoja. Ukifika Nairobi, itafute jini ya Procera, ambayo hutengenezwa kwa tunda la mtarakwa, mreteni wa milima yetu wenyewe.

Kuhusu idadi, tupige hesabu. Jini ya asilimia 40, Campari ya asilimia 25 na vermuti ya asilimia 16, mililita 30 kila moja, hutoa takriban mililita 24 za kileo halisi, kiasi ambacho ni karibu sawa na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5. Bilauri ni ndogo na ndiyo maana hudanganya. Mimi huandaa moja kwa kila mgeni, na anayeendesha gari simwandalii kabisa.

SWALI: Shemeji zangu hawanywi pombe, nami sipendi wakae na soda tamu huku wengine wakifurahia kinywaji chekundu. Nifanyeje? (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Dada yangu, chemsha konzi moja ya choya kavu katika vikombe viwili vya maji pamoja na maganda ya nusu balungi, bila kuuondoa ule utando mweupe kwa sababu ndio wenye uchungu. Baada ya dakika kumi chuja, tia vijiko viwili vya sukari, uache ipoe frijini. Jaza bilauri barafu, mimina choya hadi nusu, malizia kwa toniki, ambayo uchungu wake unatokana na kwinini, kisha ukunje ganda la chungwa juu yake. Tumia jagi, kijiko na bilauri ambazo hazijagusa pombe, na uwaandalie wao kwanza, mbele ya macho yao.