Picha zetu zinapendwa, watu hawaji

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Sisi ni vijana saba wa Tudor, Mombasa. Kila Jumamosi tunaokota plastiki kwenye mikoko na kuweka picha Instagram. Juzi waliopenda picha walifika 400, waliokuja ni wanne. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba wanangu. Hao wanne wapigieni simu leo, kabla ya kuweka picha nyingine.

Picha inamwambia mtu atazame, haimwambii ashukie njia gani. Saa ya maji kupwa hubadilika kila wiki, nanyi mwaijua, iandikeni. Andikeni pia avae viatu vya kufunga, aje na gunia. Mimi niliandika “tuitunze bahari” miezi mitatu, hakuja mtu. Nilipotuma sauti kwenye WhatsApp ya mtaa, nikiwaita akina mama wauza samaki kwa majina yao, walikuja kumi na mmoja.

Tena ombeni kitu kimoja, kwa mwenye uwezo wa kukitoa. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alichoshwa na taka za jaa la Gioto. Mtandaoni hakulalamika tu, alidai mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Waziri wa mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, akaunga mkono, na marufuku ikaanza 28 Agosti 2017.

Nanyi hesabuni chupa za kila Jumamosi, mumtumie mwakilishi wenu wa wadi idadi hiyo hadharani, mkiomba pipa pale taka zinapoingilia. Nyuso za majirani wanaotupa taka msizianike. Hao ndio nataka waje Jumamosi ijayo.