Shida ndogo za kuku wa nyumbani: mkamate usiku, anza na miguu

Kuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, hivyo ukingoja kumwona amezubaa pembeni umeshachelewa. Mara moja kwa wiki, wakiwa wamelala kwenye vichanja, yaani miti ya kulalia, mkamate mmoja mmoja na kumulika kwa tochi. Usiku hawahangaiki.

Anza na miguu. Magamba yenye afya hulala. Yakiinuka na chini yake kukajaa unga mweupe kama chokaa, huyo ana utitiri wa miguuni, mdudu mdogo mno anayechimba chini ya magamba. Usiyabandue kwa kucha, yatatoka na ngozi. Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki uliochakaa ukishuka kuelekea vidoleni, kausha kabisa, kisha paka mafuta ya mgando kwa wingi mpaka yaingie kati ya magamba. Mafuta hayo si sumu. Yanamnyima mdudu hewa, kwa hiyo kupaka juujuu hakusaidii. Rudia kila baada ya siku 2 au 3, kwa wiki 3. Wengi hukata tamaa mapema kwa kuwa miguu bado inatisha, kumbe wadudu wameshakufa na magamba mapya ndiyo yanayochelewa, huchukua miezi. Mafuta ya taa na oili chafu, ambavyo bado watu wanashauriana, huunguza ngozi ya kuku. Achana navyo kabisa.

Kuna utitiri mwingine, ule mwekundu wa bandani, na huu ndio unaosumbua zaidi. Dalili zake: kuku hataki kuingia bandani jioni, anayeatamia anakimbia mayai, upanga wa kichwani umepauka. Usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja. Kikitoka na madoa ya damu, umeshampata mwizi. Mchana ukimkagua kuku huoni kitu, kwa sababu utitiri huu hunyonya usiku na kurudi kwenye nyufa. Ndiyo maana kumpaka kuku dawa huku banda limeachwa ni kazi bure. Toa maranda yote na nyasi za viota uchome, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa na maungio ya vichanja, kisha ziba nyufa. Rudia baada ya siku 7, maana kwenye joto kizazi kipya hukomaa kwa muda kama huo. Ukinunua dawa ya unga, iwe ya kuku, na umuulize muuzaji mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Wawekee pia beseni la mchanga na majivu makavu wajigaragaze. Majivu yakilowa huwasha ngozi, kwa hiyo beseni likae mahali pasiponyeshewa.

Viroboto vilivyoganda kuzunguka macho usiving'oe kwa nguvu. Paka mafuta ya mgando juu yao kwa pamba, bila kuingia jichoni.

Kidonda cheusi chini ya wayo mara nyingi hutokana na kuruka kutoka kichanja kirefu au mti wenye vibanzi. Shusha kichanja kifike sentimita 50 hivi, lainisha mti, osha kidonda kwa maji ya chumvi (kijiko cha chai kimoja kwa nusu lita), paka ayodini na ufunge bendeji, ukibadilisha kila siku. Wayo ukivimba na kuwa wa moto, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usipasue mwenyewe.

Gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, asubuhi kabla hajala liwe tupu. Likiwa gumu, mara nyingi amemeza nyasi ndefu au kamba. Mnyime chakula siku moja, maji yawepo, ukande gole taratibu mara kadhaa. Usimpindue kichwa chini: maji huingia kwenye mapafu, akafa mikononi mwako.

Haya yote ni ya kuku mmoja au wawili wanaokula vizuri. Wakianza kuugua wengi kwa pamoja, wakihara kijani, wakihema kwa shida au shingo zikipinda, huo huenda ni mdondo (kideri, au Newcastle) na hauna tiba. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, usiuze wala kugawa kuku. Kinga yake ni chanjo: ile ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3, kwa kuku wasiougua tu.